Jibu la kwanza halifungi swali: viazi vya mwaka 1845 na watu waliorudi kuuliza



Kule chuo tulifundishwa kujibu maswali. Mtihani unaleta swali, unaandika jibu, profesa anatia pointi, mambo yanaisha. Lakini hatukufundishwa jambo linalokuja nyuma: mtu anasikia jibu lako, anaenda kulijaribu, kisha anarudi. Anarudi na "lakini". Anarudi na "mbona kwangu haikuwa hivyo?" Ama anarudi na kitu alichokiona kwa macho yake, ambacho wewe hukukisoma popote. Mimi nimesoma agronomia, natembea na vyama vya wakulima wa viazi vya kizungu upande wa Lubero, na naweza kuwaambia kwamba kazi yenyewe inaanzia pale. Jibu la kwanza unaweza kulitoa kichwani. Jibu la pili njo linaonyesha kama wewe ni agronomu kweli.

Njo maana leo nawaletea historia ya ugonjwa mmoja ambao wakulima wetu wa milimani wanaujua sana: mildiu ya viazi. Historia hii tunaisoma kwa mistari miwili tu kwenye kozi ya fitopatolojia: "Ireland, 1845, njaa kubwa, Phytophthora infestans." Kisha tunageuza ukurasa. Lakini ndani yake kuna miaka 40 ya maswali, majibu, watu waliorudi kuuliza, wengine wakasikilizwa, wengine wakaachwa. Na kwa sababu ya wale walioachwa, kuna mashamba mengi yaliyooza ambayo pengine yangepona.

MWAKA AMBAO VIAZI VILIOZA

Ugonjwa ulionekana kwanza Marekani, upande wa Philadelphia na New York, mwaka 1843. Mwaka 1845, mwezi wa 6, ukatokea Ubelgiji karibu na Kortrijk. Toka hapo ulikwenda haraka sana: Uholanzi, kaskazini ya Ufaransa, na katikati ya mwezi wa 8 ukafika kusini ya Uingereza, kwenye kisiwa cha Wight. Mwezi wa 9 ilitangazwa wazi kwamba umeingia Ireland.

Aliyeona mildiu mara moja hawezi kuisahau. Doa la kahawia kwenye jani. Asubuhi, ukigeuza jani wakati umande ungali juu yake, unaona utando mweupe kandokando ya lile doa. Baridi na unyevu vikiendelea, siku chache tu shamba zima limekuwa jeusi kama limepitiwa na moto, na harufu ya kuoza unaisikia toka barabarani. Ukichimba, viazi vingine vinaonekana vizima; ukiviweka nyumbani, vinaozea ghalani.

Ireland ya wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa London. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilionyesha zaidi ya milioni 8. Kati yao, karibu milioni 3 walikuwa wanaishi kwa viazi tu, asubuhi na jioni. Udongo mzuri na ngano vilikuwa vya wenye mashamba makubwa. Maskini alibaki na kipande kidogo, na kwenye kipande kidogo ni viazi peke yake vinavyoweza kulisha nyumba. Tena wengi walikuwa wanapanda aina moja tu, iliyoitwa Lumper, na mbegu ni kiazi kile kile, mwaka kwa mwaka. Tunajua maana yake: ugonjwa ukiweza kuua mmea mmoja, umeweza kuua yote.

Mwaka 1845 sehemu kubwa ya mavuno iliharibika. Mwaka 1846 karibu yote. Kufikia 1852, watu kama milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa na kwa magonjwa yanayofuata njaa, na zaidi ya milioni 1 walikuwa wamepanda meli kuhama. Hesabu ya 1851 ilikuta watu milioni 6 na nusu. Tusidanganyane: si mildiu peke yake iliyoua wale watu. Utawala uliochelewa kusaidia, kodi za mashamba, chakula kilichoendelea kutolewa nchini wakati watu wanakufa, hayo yote yaliua pia. Lakini swali la kwanza ambalo kila mtu aliuliza lilikuwa la kiagronomia: ni nini kinaozesha viazi?

GAZETI NA BARUA ZAKE

London kulikuwa gazeti la kila wiki lililoitwa Gardeners' Chronicle, lililoanza mwaka 1841. Lilikuwa gazeti la watu wa bustani na mashamba. Msomaji anaandika swali, wahariri wanajibu, wiki inayofuata msomaji mwingine anaandika kupinga ama kuongeza. Mhariri wake upande wa mimea alikuwa John Lindley, profesa wa botania katika chuo kikuu cha London, mtu mwenye elimu kubwa kabisa.

Mwezi wa 8 wa 1845 barua zilianza kumiminika. Lindley hakungoja. Alijibu kwamba majira yalikuwa mabaya: baridi, mvua nyingi, jua kidogo. Mmea umekunywa maji mengi, haukuweza kuyatoa kwa majani, basi ukaoza wenyewe. Na ule utando mweupe? Kwake, huo ulikuwa kama funza kwenye mzoga: unakuja kwa sababu kitu kimeshaoza.

Tusimcheke. Jibu lile lilikuwa na akili. Mwaka ule kweli ulikuwa na baridi na mvua. Na sayansi ya wakati ule, kwa sehemu kubwa, iliamini kwamba kuvu ni matokeo ya uozo. Mwaka 1807 mtu mmoja, Bénédict Prévost wa Montauban, alikuwa ameshaonyesha kwamba ugonjwa fulani wa ngano unaletwa na kiumbe kidogo, tena kwamba shaba inakizuia. Wakubwa wa Paris hawakukubali, na kazi yake ikalala.

Baada ya jibu la Lindley, watu wakarudi. Wengine walileta mawazo ya kila aina: umeme wa angani, mbolea ya guano, na mengine mengi. Hivyo ndivyo ilivyo ukifungua mlango wa maswali, wanaingia wote. Lakini katikati ya zile kelele kulikuwa sauti iliyobeba kitu. Mbelgiji Charles Morren, profesa wa Liège, alisema kabisa kwamba ule utando mweupe njo wenye kosa: ni kuvu, unaingia kwenye jani na unaua mmea. Akashauri kuloweka mbegu kwenye maji yenye chokaa, chumvi na sulfati ya shaba.

Lindley alimjibu Morren kwamba hapana, kuvu inafuata, haitangulii.

Hapa nataka tusimame kidogo. Watu wawili wanaangalia jani moja. Wote wanaona utando mweupe. Mmoja anasema ni sababu, mwingine anasema ni matokeo. Hata wangeandikiana barua mia moja, jani lile lile lingebaki vile vile. Swali la namna hii halimalizwi kwa kurudia jibu lako kwa sauti kubwa. Linataka jaribio. Na mwaka ule hakuna aliyefanya jaribio linalokata shauri.

MCHUNGAJI NA PROFESA

Mtu wa tatu katika habari hii hakuwa profesa. Miles Joseph Berkeley alikuwa mchungaji wa Kianglikana aliyekaa katika kijiji cha King's Cliffe. Baada ya ibada na kutembelea waumini, alikuwa anakaa na hadubini yake kuchunguza kuvu, na Uingereza nzima hakukuwa mtu aliyezijua kuliko yeye. Alikuwa anaandikiana na Camille Montagne wa Paris, daktari wa zamani wa jeshi la Napoleon, ambaye mwezi wa 8 wa 1845 alikuwa amempa kiumbe kile jina la kisayansi, Botrytis infestans.

Mwaka 1846 Berkeley alitoa andiko refu katika jarida la chama cha kilimo cha bustani cha London. Alipitia maelezo yote yaliyokuwa yanazunguka, moja baada ya jingine, hakudharau hata moja. Alikubali kwamba hali ya hewa ina mchango. Alimtaja Montagne na kumpa haki yake. Kisha akasema wazi kwamba yeye anaona kuvu njo inaleta uozo, si uozo unaoleta kuvu. Tena alikiri kwamba wengi hawatakubaliana naye.

Sasa angalieni jambo ambalo kozi hazisemi. Kile chama kilichotoa andiko la Berkeley, Lindley mwenyewe alikuwa mmoja wa viongozi wake wakubwa. Yaani mtu aliyeshika jibu la kwanza aliacha mlango wazi ili jibu linalompinga lichapishwe, lote, na michoro yake. Hakubadilisha mawazo yake siku ile. Lakini hakuzima sauti ya mwenzake. Kama angeizima, pengine leo tusingekuwa na ule ushahidi wa 1846 wa kurudia.

Mimi naona hiyo ni heshima ya usomi. Si lazima ukubali kila anayerudi kukupinga. Ila usimfungie mlango, na usimjibu kitu ambacho hakukisema. Berkeley aliposema "kuvu", hakusema "mvua si kitu". Na sisi leo tunajua kwamba kila mmoja alikuwa ameshika kipande: ugonjwa unataka mmea dhaifu, unataka kimelea, unataka baridi na unyevu. Ile pembetatu tuliyoichora wote kwenye daftari, upande mmoja ni wa Lindley, mwingine ni wa Berkeley.

WALE AMBAO HAWAKUWA NA PA KURUDI

Serikali ya Robert Peel ilituma Ireland tume ya wanasayansi mwezi wa 10 wa 1845: Lindley, mkemia Lyon Playfair, na Robert Kane wa Ireland. Walitoa ushauri ukachapishwa na kusambazwa kwa nakala nyingi sana: kaushieni viazi, vipangeni kwenye mashimo yenye hewa, nyunyizieni chokaa, na vile vilivyooza mvikwangue mtoe wanga wake.

Ushauri ulishindwa. Kama viazi vimeshabeba ugonjwa ndani, vitaozea hata kwenye shimo lililochimbwa vizuri. Lakini kinachoniuma zaidi ni sentensi moja ndogo ndani ya yale maelezo: mkulima asiyeelewa, amuombe mwenye shamba ama kasisi wake amfafanulie. Basi. Hapo njo mwisho wa njia. Mkulima wa Ireland, ambaye mara nyingi alikuwa anaongea Kiirishi na hajui kusoma Kiingereza, hakuwa na mahali pa kurudi kusema: "Nimefanya mulivyoandika, viazi vimeoza." Na mwenye shamba aliyetumwa kumfafanulia, mara nyingi njo yule yule anayemdai kodi na anayeweza kumfukuza kwenye shamba.

Gazeti la London lilikuwa na nafasi ya barua. Msomi aliweza kurudi kuuliza. Mwenye njaa hakuweza.

Ndugu zangu, hapa Congo tunaijua habari ya namna hiyo. Toka mwaka 1917 utawala wa Wabelgiji ulianza kulazimisha wakulima kulima mazao fulani, pamba ya kwanza. Agronomu na monitere wake walikuwa wanafika kijijini na amri, si na swali. Asiyetimiza aliona faini, gereza, fimbo. Mwaka 1933 ikaundwa INEAC, Yangambi ikawa kituo kikubwa cha utafiti, na kazi nzuri za kisayansi zilifanyika pale. Warithi wake njo INERA ya leo. Lakini kati ya maabara na shamba la mwananchi, maneno yalikuwa yanashuka tu. Kupanda hayakupanda.

Na mazoea yale hayajaisha. Ukifika kijijini na begi lako na buti zako, unaeleza, wazee wanasema "ndiyo, Agronomu". Unarudi kisha miezi mitatu, hakuna aliyefanya. Tunasema wakulima ni wagumu. Pengine babu yao alijifunza kwamba mbele ya agronomu unasema ndiyo, kisha unafanya unachojua. Mtu anayekurudia na "lakini" anakupa heshima kubwa: ana imani kwamba utamsikiliza.

HABARI YA SWANSEA

Turudi kwenye historia yetu. Mwaka 1846 ilitoka habari toka Swansea, nchi ya Wales. Swansea wakati ule ulikuwa mji mkubwa wa kuyeyusha shaba. Moshi wa viwanda ulikuwa unafunika mashamba. Mtu aliona kwamba mashamba ya viazi yaliyokuwa upande moshi unakoelekea, hayakushikwa na ugonjwa. Ya mbali yalishikwa.

Hebu fikiria. Morren ameshasema kuvu, ameshataja shaba kwenye mbegu. Swansea inaonyesha shaba kwenye majani. Ukiunganisha vile vipande viwili, dawa iko mezani, mwaka 1846, kabla ya Ireland kuingia kwenye miaka yake mibaya kabisa.

Hakuna aliyeunganisha. Kwa nini? Si kwa ubaya. Habari ile ilikuwa kama nyongeza ndogo chini ya mjadala mkubwa. Haikujibu lile swali watu walilokuwa wanagombania, "kuvu ama hali ya hewa?" Ilileta kitu cha pembeni. Na sisi wasomi tuna ugonjwa huo: mtu akileta kitu kisichoingia kwenye ubishi wetu, tunamwambia "asante kwa mchango" na tunaendelea kubishana.

Mimi nimejifunza kuogopa ile "asante kwa mchango".

KIJANA WA MIAKA 30

Jibu la swali la kwanza lilikuja toka Ujerumani. Anton de Bary alikuwa amezaliwa mwaka 1831. Wakati wa njaa ya Ireland alikuwa mtoto wa shule. Mwaka 1861, akiwa na miaka 30, alitoa kitabu juu ya ugonjwa wa viazi. Hakuleta hoja mpya. Alileta jaribio. Alichukua spora za kile kiumbe, akaziweka kwenye majani mazima ya viazi, na mimea mingine akaiacha bila spora. Ile iliyopata spora iliugua. Mingine ikabaki mizima. Akaangalia kwa hadubini akaona jinsi spora, kwenye tone la maji, inavyotoa vijimbegu vinavyoogelea, vinavyoota na kuingia ndani ya jani.

Miaka 16 baada ya barua za kwanza, ubishi ukaisha. Na kile kipande cha maji kinaeleza kwa nini Lindley aliona mvua: bila maji juu ya jani, vile vijimbegu haviogelei. Mwaka 1876 de Bary akakipa kiumbe jina tunalolijua, Phytophthora, kwa Kigiriki "mharibifu wa mimea".

Hata hapo swali halikufungwa. Leo tunajua kwamba Phytophthora si kuvu hasa. Iko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini kuliko na uyoga. Na mwaka 2013 watafiti walichukua majani makavu ya karne ya 19 yaliyohifadhiwa Kew na Munich, wakasoma DNA ya kimelea kilichokuwa ndani. Walikuta aina ya zamani, wakaiita HERB-1, tofauti na ile iliyokuwa inadhaniwa kwa muda mrefu kwamba njo ilileta njaa. Zaidi ya miaka 160 imepita, na bado mtu anarudi kuuliza, na bado anapata jibu, kwa sababu kuna watu walihifadhi majani yao badala ya kuhifadhi maoni yao peke yake.

SWALI MOJA KANDO YA BARABARA

Na ile dawa je? Hiyo ilitoka kwenye zabibu. Mwaka 1878 ugonjwa wa mildiu ya mizabibu, ndugu wa ile ya viazi, uliingia Ufaransa toka Marekani. Mwaka 1882, Alexis Millardet, profesa wa Bordeaux, alikuwa anatembea Saint-Julien, katika Médoc. Mizabibu ilikuwa imepoteza majani. Lakini ile ya kandokando ya barabara ilikuwa mizima, na majani yake yamepakwa kitu cha rangi ya bluu.

Angeweza kuandika kwenye daftari na kupita. Alienda kwa msimamizi wa shamba, akauliza: hiki ni nini? Msimamizi akamwambia kwamba wapita njia wanaiba zabibu, basi tunapaka chokaa na sulfati ya shaba ili waogope, wadhani ni sumu.

Kwa mwenye shamba, ile ilikuwa dawa ya wezi. Kwa Millardet ilikuwa jibu. Alirudi Bordeaux, akafanya majaribio pamoja na mkemia Ulysse Gayon, na mwaka 1885 akatangaza namna ya kuichanganya. Hiyo njo dawa ya Bordeaux ambayo sisi wote tumeichanganya kwenye ndoo wakati wa staji, chokaa upande mmoja na shaba upande mwingine. Miaka michache baadaye ilikuwa inanyunyizwa kwenye viazi, Ireland pia. Shaba! Sisi watoto wa nchi ya shaba ya Katanga tunaweza kusikia uchungu kidogo: kile kilichokuwa kwenye moshi wa Swansea mwaka 1846 kilingoja miaka karibu 40 mpaka mtu mmoja aulize swali la ziada kandokando ya barabara.

NA SISI HUKU?

Naleta mfano wa kwetu, ili msiseme ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ule wa bakteria, ulionekana Masisi. Ukasambaa Kivu nzima. Ushauri wa kwanza ulikuwa mkali: ng'oa kisiki kizima, shina na vichipukizi vyake vyote. Kwa karatasi, ni sawa. Kwa mama mwenye migomba 200 na jembe moja, ni kazi ya kumaliza mgongo, na ni njaa, kwa sababu unang'oa pamoja na vile vinavyoonekana vizima. Wengi waliacha.

Baadaye utafiti, pamoja na majaribio ya huku Kivu ya Kusini, ulionyesha kwamba bakteria hazifiki kila wakati kwenye vichipukizi vyote vya kisiki kimoja. Ikaja njia nyingine: kata shina lenye ugonjwa peke yake, usawa wa udongo, rudi kila mara kuangalia, kata ua dume kwa mti wenye panda, na choma panga lako kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Hiyo mama anaiweza. Jibu la pili lilikuwa bora kuliko la kwanza, na lilikuja kwa sababu watu walikubali kwamba "wakulima hawafanyi" ni swali, si tusi.

Kwenye viazi, mimi binafsi napokea zaidi maswali ya kurudi kuliko ya kwanza. Mama mmoja wa chama chetu aliniambia mbele ya watu wote: "Agronomu, ulisemaka tupige dawa. Tulipiga. Majani inakauka tu. Sasa ile dawa ni ya nini?" Wenzake wakacheka. Ningeweza kurudia somo langu. Nilimuuliza maswali matatu: ulipiga siku gani, doa lilikuwa limeshaonekana ama bado, na mvua ilinyesha lini? Akajibu: alipiga kisha kuona doa, na mvua ilinyesha mchana ule ule. Mbele ya wote tukaeleza pamoja kwamba dawa ya kugusa inakaa juu ya jani kama koti. Haimponyi aliyekwisha kulowa, na mvua ikiivua kabla haijakauka, mmea unabaki uchi. Akasema: "Basi mulipashwa kutuambia tuangalie mawingu kwanza, si karatasi ya dawa." Toka siku ile, hiyo njo sentensi ya kwanza ninayofundisha, na ninasema ni ya nani.

Kwa hiyo, wadogo zangu mnaomaliza mwaka huu, nikichukua historia hii na kuileta kwenye kazi yenu, naona mambo manne.

La kwanza, tofautisha anayerudi kwa sababu hakuelewa, anayerudi kwa sababu hakubali, na anayerudi kwa sababu ameona kitu. Wa kwanza anataka maneno mepesi. Wa pili anataka jaribio: chukueni mistari miwili ya shamba, mmoja kwa namna yako, mwingine kwa namna yake, muangalie pamoja. Wa tatu anataka daftari. Andika alichoona, siku, mahali, hata kama leo hakina maana kwako. Swansea ilikuwa wa tatu.

La pili, ukibadilisha jibu, badilisha mahali pale pale ulipolitoa, mbele ya wale wale. Ukimnong'oneza mmoja pembeni, wengine 30 wanaendelea na jibu la zamani, na mvua inakuja.

La tatu, swali la kurudi likiwa kubwa kuliko la kwanza, lipe siku yake. Mtu aliyeuliza juu ya doa la jani, kisha anauliza juu ya mbegu, bei na mkopo, ana maswali manne. Ukiyajibu yote kwa pumzi moja, hatabaki na hata moja.

La nne, angalia nani hana njia ya kurudi. Kwenye mkutano, wenye kusema ni wanaume wazee na sisi wa buti. Anayepanda, anayepalilia, anayechagua mbegu, mara nyingi amekaa nyuma na mtoto mgongoni. Kama hujamfuata, usiseme hakuna maswali. Ireland pia, kwenye karatasi ya tume, hakukuwa maswali.

Mvua za mwezi wa 9 zinakaribia, na kule milimani mildiu haingoji mtu. Mwenye kuona shambani kitu kinachopinga niliyoandika hapa, akilete, na mahali na siku. Mimi daftari langu liko wazi.